Kutega biva si kuwinda

Kutega ni kuweka kitu cha kumnasa mnyama, kisha ukaondoka. Kuwinda ni kumfuata mnyama mwenyewe. Ningeishia hapo, ila juzi nimesoma tena habari ya Kiswahili inayowaita watega biva wa Marekani (biva ni mnyama mgugunaji aishiye majini, anayetafutwa kwa ngozi yake) "wawindaji", na aya mbili mbele wamekuwa "majangili".

Neno lenyewe linajieleza. Tega ni la Kibantu cha kale: Mganda huweka omutego, Mkikuyu mũtego. Sisi tunatega sikio, na mtu akisema "Kitendawili!" tunamjibu "Tega!" Kinyume chake ni kutegua: bomu huteguliwa, hata mguu huteguka. Kote humo kuna kitu kilichokaa tayari, kinangoja. Mwenye bunduki yupo pale anapofyatua. Mtegaji hayupo, pengine amelala nyumbani.

Ndiyo maana sheria ya jimbo la New York inashughulika sana na kile alichokiacha. Leseni ya kutega ni yake peke yake, ya kuwinda haitoshi, na anayeanza hupitia mafunzo kwanza. Kila mtego hufungwa kibati chenye jina na anwani ya mwenyewe, au namba yake ya utambulisho wa mtegaji. Kwa kawaida lazima aukague kila saa 24, ingawa baadhi ya maeneo ya kaskazini huruhusu saa 48 kwa mitego fulani.

Mtego wa biva wa kawaida ni fremu mbili za chuma zenye umbo la mraba, na springi pembeni. Mnyama akipita katikati akagusa waya, fremu zinambana mwili. Mtego haumjui biva wala mbwa wa jirani. Kwa hiyo wa aina hiyo unaozidi inchi 7.5 hauruhusiwi nchi kavu. Huwekwa majini tu, tena katika msimu wa biva au wa fisi maji (mla samaki wa majini, si fisi wa porini). Na ngozi ya fisi maji haiuzwi mpaka ipigwe lakiri ya serikali.

Basi ndugu mwandishi, yule aliyesimama kwenye maji ya baridi, leseni mfukoni, akikaza kibati chenye jina lake, mwite mtegaji. Jangili ni anayeua bila idhini, awe na mtego au bunduki.