Je, wajua? Fumbo la malkia wanane lilimpiga chenga hata Gauss

Mwaka 1848 jarida la sataranji la Berlin, Schachzeitung, lilichapa swali la msomaji aliyejificha nyuma ya jina la bandia. Jina lake halisi ni Max Bezzel, mtu wa Ansbach huko Bavaria. Aliuliza hivi: kwenye ubao mtupu unaweza kuweka malkia wangapi bila hata mmoja kumshambulia mwenzake, na uwapange vipi?

Idadi haina ubishi. Malkia hutawala safu yake yote, mlalo na wima, na mishazari yake pia, kwa hiyo kwenye ubao wa nane kwa nane hawawezi kuzidi wanane. Januari 1849 jarida lilitoa majibu mawili. Kazi ilianza pale wasomaji walipotaka kujua njia zote ziko ngapi.

Mwaka 1850 Franz Nauck alilipeleka fumbo hilo kwenye gazeti la picha la Leipzig, Illustrirte Zeitung, lililosomwa hata na watu wasiocheza sataranji. Mmoja wa wasomaji wake alikuwa Carl Friedrich Gauss wa Göttingen, mwanahisabati mkubwa kuliko wote wa zama zake, akiwa na miaka 73. Nauck kwanza alitaja njia 60. Gauss akamwandikia rafiki yake mwanaastronomia Schumacher kwamba amepata 76. Baadaye akagundua kuwa nne kati yake hazikuwa sahihi, zikabaki 72. Septemba mwaka huohuo Nauck akarudi gazetini na hesabu kamili: 92.

Imeandikwa mara nyingi kwamba Gauss ndiye aliyezipata zote 92. Si kweli, na naona Nauck anastahili kupewa haki yake.

Mchango wa Gauss ni mwingine, nao ni mzuri mno. Aliuacha ubao akachukua tarakimu. Kila safu wima ina malkia mmoja, basi andika tu yuko mraba wa ngapi kutoka chini. Chukua 1 5 8 6 3 7 2 4. Hakuna tarakimu iliyojirudia, kwa hiyo hakuna malkia wawili kwenye safu mlalo moja. Sasa ziongezee tarakimu hizo 1 hadi 8 kwa mpangilio, moja kwa moja: unapata 2, 7, 11, 10, 8, 13, 9, 12. Kisha rudia kwa kujumlisha 8 kushuka hadi 1: 9, 12, 14, 11, 7, 10, 4, 5. Kama ndani ya kila orodha hakuna jumla inayojirudia, basi hata kwa mshazari hakuna anayemgusa mwenzake. Hata mtu asiyejua kusogeza kete moja anaweza kukagua jibu kwa kalamu na karatasi.

Kwa nini basi hata yeye hakufika 92? Kwa sababu kupata jibu moja si sawa na kuwa na uhakika kwamba hakuna lililobaki. Malkia wanane wanaweza kuwekwa kwenye miraba 64 kwa njia 4,426,165,368. Hata ukikubali malkia mmoja tu kwa kila safu, mlalo na wima, zinabaki 40,320. Ukizungusha ubao au kuutazama kama kwenye kioo, jibu moja huzaa mengine. Majibu ya msingi ni 12 tu: kumi na moja huzaa manane kila moja, na la kumi na mbili, ambalo halibadiliki ubao ukigeuzwa nusu mzunguko, huzaa manne. Hapo ndipo 92 inapotoka.

Uthibitisho kwamba hakuna zaidi ulikuja 1874, kwa kazi za Pauls na Günther huko Ujerumani na Glaisher huko Uingereza.

Ubao ukikua, hesabu hulipuka. Mwaka 2016 watafiti wa Dresden walitangaza hesabu ya malkia 27 kwenye ubao wa 27 kwa 27: njia 234,907,967,154,122,528. Walizihesabu kwa mashine, maana kanuni rahisi ya kutoa jibu kwa ubao wa ukubwa wowote bado haijapatikana.