Shimo la Yamal: Si Kimondo, Si Kombora, na Haliji Bonde la Ufa

Ile picha ya shimo kubwa jeusi katikati ya nyika imerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp, safari hii ikisindikizwa na sauti ya mtu anayedai ardhi "imeanza kufunguka" na kwamba zamu inayofuata ni ya Bonde la Ufa. Simu zinazopigwa ofisini kwetu zimezidi, hivyo tunatoa ufafanuzi.

Shimo lenyewe ni la kweli. Liko rasi ya Yamal, kaskazini mwa Siberia nchini Urusi, kilomita 30 hivi kutoka mitambo ya gesi ya Bovanenkovo, na lilionekana kutoka kwenye helikopta mwaka 2014. Kina chake kilizidi mita 50. Baadaye lilijaa maji likawa ziwa, kwa hiyo anayelituma kama tukio la juzi anatuma habari iliyochacha.

Wapo wanaosema lilichimbwa na kimondo, wengine kombora, wengine wageni wa sayari nyingine. Tuanze na kimondo, maana ndicho kinachopendwa. Kimondo chenye nguvu ya kuchimba shimo la ukubwa huo huacha mwamba uliopondeka, pengine hata kuyeyuka. Yamal palikutwa mabonge ya udongo ulioganda yaliyorushwa pande zote, mengine umbali wa zaidi ya mita 100. Tena picha za setilaiti za kabla ya hapo zinaonyesha kilima kidogo mahali palepale. Kufikia mapema Novemba 2013 kilima hakipo, pana shimo. Kimondo hakitanguliwi na kilima. Kombora nalo vivyo hivyo. Kuhusu wageni wa sayari nyingine, taasisi haina maoni.

Kilichofumuka ni gesi. Mtafiti wa Urusi Andrei Plekhanov na wenzake waliposhusha vipimo mwaka 2014 walikuta methani ya hadi asilimia 9.6 karibu na sakafu ya shimo. Naomba tusimame hapo kidogo. Methani huwaka kwa mlipuko ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, yaani cheche moja ingetosha. Ndiyo maana kipimo hutangulia kwa kamba, mtu hufuata baadaye, na husomwa tena kila baada ya mita kadhaa. Watafiti hawakuteremka shimoni hadi Novemba mwaka huo, kuta zilipoganda na kuacha kumomonyoka. Hapa kwetu kijana anakuta ufa, anaingia na simu arekodi.

Wanasayansi bado wanabishania gesi ilikotoka na kilichoibana. Wapo wanaotazama majira ya joto kali ya 2012 na 2013. Utafiti wa 2024 ulipendekeza kwamba maji ya kuyeyuka hupenya polepole hadi tabaka la maji chumvi lisiloganda, presha ikapanda, ardhi ya juu ikapasuka, na haidreti za methani zilizo chini, yaani gesi iliyonaswa ndani ya barafu, zikaachia gesi ghafla. Wengine wanasema gesi na joto hupanda kutoka kina kirefu kupitia nyufa za miamba. Binafsi hoja hii ya mwisho naiona nzito, kwa sababu ardhi iliyoganda daima ipo pia Alaska na Kanada, lakini mashimo haya yanaripotiwa Yamal na rasi jirani ya Gydan, juu ya hazina kubwa za gesi.

Picha ya pili inayozungushwa pamoja na hiyo ni ya Batagaika, Yakutia, mashariki mwa Siberia. Huko ardhi inaporomoka taratibu tangu msitu ulipokatwa miaka ya 1960. Hakuna mlipuko.

Kifuniko cha ardhi iliyoganda, chenye unene wa mamia ya mita na gesi chini yake, hakipo Afrika Mashariki. Nyufa za Bonde la Ufa zina sababu zake, nazo hazihusiani na Siberia.

Ukiona ufa au shimo jipya, usilikaribie wala usiwashe moto. Mjulishe Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, taarifa ifike kamati ya maafa, kisha wilayani, ndipo wataalamu waitwe. Andika tarehe, saa na mahali. Piga picha ukiwa mbali. Kwa wanaosambaza uzushi: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni za uongo kwa nia ya kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Aliyetuma kwa hofu tu, afute na awaarifu aliowatumia.