Majira ya baridi ya mgongano: kinachofuata asteroidi kubwa ikiipiga Dunia

Tukisikia habari za asteroidi kuigonga Dunia, mawazo hukimbilia mlipuko, shimo kubwa na mawimbi ya bahari. Hayo huwaangamiza walio karibu. Kinachoweza kumfikia hata mtu aliye upande wa pili wa Dunia ni giza na baridi vinavyofuata, na wanasayansi huviita majira ya baridi ya mgongano. Hali hii haifuati kalenda ya misimu. Inaweza kuanza mwezi wowote, ikadumu miaka kadhaa, na ikafika mpaka kwenye Ikweta ambako mimea haijui baridi kali.

Inatokeaje? Asteroidi ni mwamba, au pande la chuma, linalolizunguka Jua. Ikiipiga Dunia kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa sekunde, yenyewe na ardhi iliyo chini yake hupondeka, huyeyuka, na sehemu yake hugeuka mvuke. Vumbi hilo hurushwa juu sana. Likibaki chini, kwenye tabaka la mawingu, mvua italiosha katika siku au wiki chache. Likipanda hadi stratosfia, juu ya mawingu ya mvua, hakuna mvua ya kulishusha, kwa hiyo husambazwa na upepo hadi kuizunguka Dunia nzima. Moshi wa misitu inayoungua huongeza masizi, na masizi hunyonya mwanga wa jua kuliko vumbi la kawaida.

Cha tatu ni salfa, ambayo imo kwa wingi katika baadhi ya miamba, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi. Gesi yake ikifika juu hugeuka matone madogo mno ya asidi ambayo hurudisha mwanga wa jua angani na hukawia huko kwa miaka. Ndiyo maana mahali jiwe linapoangukia pana uzito karibu sawa na ukubwa wake.

Kisa tunachokijua vizuri kuliko vyote kilitokea miaka milioni 66 iliyopita, pale ambapo leo ni rasi ya Yucatán nchini Meksiko. Asteroidi yenye upana wa kilomita 10 hivi iliangukia bahari ya kina kifupi na kuacha kasoko yenye kipenyo cha kilomita zipatazo 180, ambayo sasa imefukiwa kabisa karibu na mji wa Chicxulub. Ushahidi wa kwanza wa mgongano, hata hivyo, ulitoka Ulaya. Mwaka 1980 wanasayansi wa Marekani Luis Alvarez, mwanawe Walter, pamoja na Frank Asaro na Helen Michel walitangaza kwamba tabaka jembamba la udongo huko Gubbio, Italia, lina iridi nyingi kupita kiasi. Metali hiyo ni adimu kwenye gamba la Dunia, lakini ni nyingi zaidi katika asteroidi. Tabaka hilo limeonekana katika pembe nyingi za dunia. Vumbi lililotua kila mahali lilikuwa limetanda kila mahali kwanza.

Miamba ya Yucatán ina jasi nyingi, na jasi ina salfa. Mwaka 2016 watafiti walitoboa kasoko hiyo kupita mita 1,300 chini ya sakafu ya bahari. Katika vifusi walivyovitoa, miamba yenye salfa ilikuwa karibu haipo kabisa, ingawa maeneo ya jirani yamejaa. Ilikuwa imegeuka mvuke na kwenda juu. Wataalamu wa Potsdam, Ujerumani, walipoiingiza salfa hiyo katika hesabu zao za kompyuta mwaka 2017, wastani wa joto katika tropiki ulianguka kutoka nyuzi 27 za Selsiasi hadi 5, na tabianchi ilihitaji kama miaka 30 kurudi ilikokuwa. Usanisinuru ulipokwama, walaji wa majani walikosa chakula, kisha walaji wa nyama. Takriban robo tatu ya spishi zote zilitoweka, wakiwemo dinosaria wote wasio ndege.

Jiwe la ukubwa ule ni nadra sana. Swali linalotuhusu zaidi ni la mawe ya kati, na mfano mzuri ni Bennu, yenye upana wa mita 500 hivi, ambayo ina uwezekano wa 1 kati ya 2,700 wa kuigonga Dunia tarehe 24 Septemba 2182. Utafiti uliofanyika Korea Kusini na kuchapishwa mwaka 2025 ulikokotoa hali itakavyokuwa iwapo jiwe kama hilo litarusha vumbi la tani milioni 400: joto la Dunia lishuke kwa hadi nyuzi 4, mvua ipungue kwa asilimia 15 duniani, na ozoni ipungue kwa karibu theluthi. Kwa mkulima anayetegemea masika na vuli, pungufu la namna hiyo ni njaa, hata kama jiwe limeangukia bara jingine.

Vimondo vidogo havina uwezo huo. Kile cha Chelyabinsk, Urusi, mwaka 2013, kilikuwa na upana wa mita 20 hivi. Kilivunja madirisha na kujeruhi watu wapatao 1,500, lakini hali ya hewa haikuguswa. Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe, pande la chuma lenye tani zipatazo 16, hakikuacha hata kasoko inayoonekana.

Kinga ipo. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha angani cha Marekani, DART, kiligonga kwa makusudi asteroidi ndogo Dimorphos na kufupisha kwa dakika 32 muda wake wa kuizunguka asteroidi kubwa iliyo jirani yake. Lakini huwezi kusukuma usichokiona. Asteroidi nyingi za karibu zenye upana unaozidi kilomita moja zimeshatambuliwa. Kati ya zile zinazozidi mita 140, zaidi ya nusu bado. Ile iitwayo 2024 YR4, ambayo mapema 2025 ilidhaniwa ingeweza kuigonga Dunia mwaka 2032 kabla ya hesabu kuondoa hofu hiyo, iligunduliwa siku mbili baada ya kutupita.