Si lazima uwe umejeruhiwa vitani

Wako askari wa zamani wa Marekani, wakiwemo wahamiaji kutoka Kenya na Kongo, ambao hawajawahi kukanyaga kliniki ya VA, idara inayohudumia maveterani. Wameambiwa ni ya majeruhi wa vita au waliotumikia jeshi miaka 20. Si kweli, na inauma kuona mtu akimeza dawa za kununua mwenyewe huku haki yake imelala.

Dhana hii ina mizizi. Kabla ya sheria ya mwaka 1996, wengi wasio na ulemavu mkubwa uliotokana na utumishi walipata matibabu ya kwenda na kurudi nyumbani pale tu yalipowaepusha kulazwa. Aliyevunjika mguu angeweza kufungwa plasta, lakini magongo ya kutembelea akanyimwa kwa kuwa hakulazwa. Sheria mpya iliondoa kikwazo hicho na kuanzisha utaratibu wa kujiandikisha.

Leo huangaliwa kwanza kama ulitumikia jeshini na hukufukuzwa kwa aibu. Walioingia baada ya 1980 kwa kawaida wanatakiwa wawe wametimiza miezi 24 mfululizo au muda wote walioitwa, ila aliyeachishwa kwa ulemavu wa kazini hafungwi na sharti hilo. Uraia si sharti. Kuna makundi 8 ya kipaumbele. Kwa asiye na ulemavu uliotokana na utumishi, kipato kinaweza kuamua kundi lake.

Jaza fomu ya 10-10EZ, na uwe na DD214, cheti chako cha kuachana na jeshi. Kuomba ni bure.