Je, wajua kwa nini mvinyo mkavu wa Riesling, aina ya zabibu nyeupe, huweza kuwa na gramu 9 za sukari kwa lita?

Neno "mkavu" kwenye mvinyo halimaanishi kwamba sukari imekwisha kabisa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu chupa kuandikwa hivyo (Wajerumani huandika "trocken") ikiwa sukari iliyobaki haizidi gramu 4 kwa lita. Inaruhusu pia hadi gramu 9, mradi asidi isiwe chini ya sukari kwa zaidi ya gramu 2. Mvinyo wenye sukari gramu 8 na asidi gramu 7 unapita. Wenye sukari hiyohiyo na asidi gramu 5 haupiti. Riesling hunufaika sana na kanuni hiyo, kwa sababu asidi yake mara nyingi huwa gramu 7 hadi 9 kwa lita. Uchachu wa kiasi hicho huufunika utamu. Mnywaji huhisi tu mvinyo umeshiba kidogo mdomoni.

Asidi hiyo hulindwa na baridi. Zabibu ina asidi mbili kuu, ya tartariki na ya maliki. Ya tartariki ni sugu, lakini ya maliki huteketezwa na tunda lenyewe linapopumua, na kadiri joto linavyozidi ndivyo inavyoisha upesi. Riesling huiva kwa kuchelewa. Ujerumani mavuno mara nyingi hufika Oktoba, usiku ukiwa umeshapoa. Hivyo harufu zake za ndimu, tofaa bichi na pichi hupata muda wa kukomaa huku asidi ikiwa bado ipo. Mzabibu huohuo ukipandwa kwenye joto la mchana na usiku, sukari hupanda haraka, asidi huanguka, na mvinyo hutoka mzito, umepooza.

Ujerumani ndiko nyumbani kwa mzabibu wa Riesling: maandishi ya mwaka 1435 kutoka Rüsselsheim tayari yanautaja. Katika bonde la Mosel, karibu na latitudo 50 kaskazini, shida ni kinyume, yaani kuzifanya zabibu ziive. Ndiyo maana mashamba bora yako kwenye miteremko mikali inayotazama kusini, juu ya vipande vya sleti (aina ya mwamba) vinavyohifadhi joto la jua. Alsace, Ufaransa, hukingwa mvua na milima ya Vosges, kwa hiyo mvinyo wake huwa na mwili (uzito mdomoni) na kilevi zaidi. Wachau, Austria, wanautegemea upepo baridi unaoshuka usiku kwenye matuta ya mawe kando ya mto Danube. Clare Valley ya Australia ina mchana mkali wa jua, lakini mwinuko wa mita 400 na zaidi huleta usiku wa baridi, na Riesling yake hutoka kavu kabisa, yenye ladha kali ya ndimu.

Kiwandani kazi kubwa ni kutoharibu. Juisi huchachushwa polepole, kwa kawaida kati ya nyuzi 12 na 18 za Selsiasi, ndani ya tangi la chuma au pipa kubwa kuukuu. Pipa jipya la mwaloni lingefunika harufu ya tunda. Wengi pia huzuia bakteria wanaogeuza asidi ya maliki kuwa ya laktiki, maana wangeulainisha mvinyo na kuuongezea harufu ya siagi.

Wanunuzi wengi hukosea hapa: maneno "Kabinett" na "Spätlese" kwenye lebo za Kijerumani hupima uiva wa zabibu siku ya kuvunwa, si utamu wa mvinyo. Tafuta "trocken", au herufi GG, alama ya mvinyo mkavu wa mashamba ya daraja la juu. Pasipo maneno hayo, tazama kilevi. Takriban gramu 17 za sukari kwa lita huzaa asilimia 1 ya kilevi, kwa hiyo Riesling ya asilimia 8 karibu kila mara imebakiza sukari nyingi, na ya 12 au zaidi kwa kawaida ni kavu.

Chupa iliyokaa miaka kadhaa ikinukia mafuta ya taa, haijaharibika. Hiyo ni TDN, kemikali inayotokana na karotenoidi (rangi za asili) za zabibu, na zabibu zilizopigwa na jua kali huwa na vitangulizi vyake vingi zaidi. Mwandalie mgeni mvinyo huu ukiwa na nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi. Chini ya hapo harufu hujificha na uchachu ndio husikika peke yake.