Tezi iliyovimba bila kuuma si lazima iwe salama

Katika makundi ya WhatsApp kuna ujumbe unaorudi kila mara, usemao kwamba tezi iliyovimba shingoni, kwapani au kwenye kinena, ikiwa haiumi, haina neno, kwa kuwa saratani lazima iume. Sivyo. Tezi inayouma ukiigusa mara nyingi imevimba kwa sababu ya maambukizi, kama vile ya koo au jino, na hunywea baada ya wiki chache. Ilhali tezi za limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu (mtandao wa tezi na mishipa unaosaidia kinga ya mwili), kwa kawaida haziumi, hubonyea kama mpira mgumu, na huendelea kukua.

Dalili nyingine ni homa zinazojirudia bila sababu kujulikana, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi 6. Hapo ndipo penye mkanganyiko, kwani kifua kikuu nacho huleta hayohayo, na hata daktari hawezi kuyatofautisha kwa kutazama tu. Kinachothibitisha limfoma ni kipande cha tezi kinachokatwa na kuchunguzwa maabara kwa hadubini. Kwa mtoto, taya lililovimba na meno kulegea huweza pia kuwa dalili za limfoma, visisubiriwe hata wiki moja.

Tezi nyingi zilizovimba si saratani. Hata hivyo, iliyodumu zaidi ya wiki 3 ipelekwe hospitali, isikandwe nyumbani. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.