Uvimbe Unaokuja Wakati wa Kula: Kijiwe cha Tezi ya Mate Kinaweza Kutolewa na Tezi Ikabaki

Mtu anaketi kula, na kabla hajamaliza matonge machache ya ugali anahisi chini ya taya, upande mmoja tu, panavuta na kujaa, hata kufikia mwisho wa mlo pamevimba kiasi cha ndimu na kuuma. Baada ya saa moja au mbili uvimbe hunywea, naye husahau mpaka mlo unaofuata. Akila embe bichi kwa chumvi na pilipili maumivu huzidi, na kwa aliyefunga Ramadhani huweza kuanza na tende ya kwanza ya futari, kwa sababu baada ya kutwa nzima bila chakula mate humiminika kwa wingi. Wapo wanaodhani ni matubwitubwi yaliyorudi, na wapo ambao wameshang'olewa gego lisilokuwa na kosa lolote. Dalili hii ya kuvimba wakati wa kula na kunywea baadaye ndiyo ninayotaka kila msomaji aijue, kwa kuwa mara nyingi maana yake ni kwamba mate yanatengenezwa lakini yamezibiwa njia na kijiwe.

Tuna jozi tatu za tezi kubwa za mate: mbele ya masikio (tezi ya shavuni), chini ya taya na chini ya ulimi, pamoja na mamia ya tezi ndogondogo zilizotapakaa ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Kwa siku moja hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate. Takriban vijiwe 80 kati ya kila 100 hutokea katika tezi ya chini ya taya, na sababu yake inaeleweka. Mate yake ni mazito kuliko ya tezi ya shavuni na yana madini mengi ya kalisi, na mrija wake, wenye urefu wa sentimita 5 hivi, hupanda kwenda juu hadi chini ya ncha ya ulimi. Mate yakienda polepole madini hutuama, hugandamana tabaka juu ya tabaka, na hatimaye hutengeneza kijiwe cha rangi ya manjano. Kutokunywa maji ya kutosha na baadhi ya dawa zinazokausha kinywa huchangia hali hiyo.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine. Daktari huvaa glavu, huweka kidole kimoja ndani ya kinywa kando ya ulimi na vidole vya mkono wa pili chini ya taya, kisha huvuta taratibu kutoka nyuma kuja mbele, akiusaka mrija katikati ya vidole vyake. Mara nyingi kijiwe huhisika palepale, kigumu kama punje ya mchele iliyofichwa ndani ya nyama. Akiminya tezi, hutazama kwenye kitundu kilicho chini ya ulimi aone kama yanatoka mate safi, usaha, au hakuna kitu. Baada ya hapo kipimo cha ultrasaundi, ambacho hakina mionzi, huonyesha ukubwa wa kijiwe na mahali kilipo. Kikiwa hakionekani vizuri, picha ya CT, yaani ya eksirei ya kompyuta, husaidia.

Kwa miaka mingi, kijiwe kilichokaa ndani zaidi kilimaanisha kuondolewa tezi yote. Upasuaji huo bado una mahali pake na hufanywa kwa usalama na mabingwa waliozoea, lakini huacha kovu shingoni, na karibu na tezi ya chini ya taya hupita neva inayosogeza pembe ya mdomo, neva ya hisia za ulimi na neva inayouchezesha ulimi. Katika tezi ya shavuni hofu ni kubwa zaidi, kwani neva ya uso hupita katikati yake na kugawanyika humohumo. Ilidhaniwa pia kwamba tezi iliyozibwa kwa muda mrefu imekwisha kufa, kwa hiyo hakuna hasara kuiondoa. Dhana hiyo haikuwa sahihi, kwa sababu tezi nyingi huanza tena kutoa mate baada ya njia kufunguliwa.

Mabadiliko yalianza mwaka 1989, madaktari wa Ujerumani wakiongozwa na Heinrich Iro walipovunja vijiwe vya tezi za mate kwa mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kutoka nje ya ngozi, kama inavyofanywa kwa mawe ya figo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Philippe Katz wa Paris aliingiza kamera nyembamba ndani ya mrija wenyewe, na Francis Marchal wa Geneva akawa miongoni mwa walioiendeleza njia hiyo, inayoitwa sialendoskopi. Kamera hiyo ina unene wa milimita moja hivi, na huingia kupitia kitundu kilekile ambacho mate hutokea, baada ya kukipanua kidogo kidogo. Maji ya chumvi hupitishwa ili mrija utanuke na kuonekana, kisha kijiwe hunaswa kwa kikapu kidogo cha waya na kuvutwa nje. Ngozi haiguswi kabisa. Kwa wagonjwa wengine ganzi inatosha na kwa wengine hutumika dawa ya usingizi, na mara nyingi mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Kikapu hicho kinafaa zaidi kwa vijiwe vidogo, visivyozidi milimita 3 au 4. Kikubwa zaidi huweza kuvunjwa kwa leza kwanza, au daktari hupasua kidogo ndani ya kinywa juu ya mrija na kukitoa. Hapa ningependa nisisitize jambo linalotuhusu sana, kwa kuwa kamera hizi hazipatikani katika kila hospitali ya rufaa: kijiwe kilicho sehemu ya mbele ya mrija, kinachoguswa kwa kidole, kinaweza kutolewa kupitia kinywani kwa ganzi na vifaa vya kawaida vya upasuaji, hivyo kukosekana kwa kamera peke yake si sababu ya mtu huyo kuondolewa tezi.

Kamera hutumika pia kutanua mirija iliyosinyaa, kusafisha tezi za watoto wanaovimba mashavu mara kwa mara, na kuwapa nafuu baadhi ya waliopata matatizo ya mate baada ya kutibiwa tezi ya shingo kwa iodini ya mionzi. Haina madhara makubwa kwa kawaida, ila tezi huvimba siku moja au mbili kwa sababu ya maji yaliyopitishwa, na mara chache mrija hutoboka, huambukizwa au husinyaa. Wapo pia ambao kijiwe hushindikana kutoka na hulazimika kurudi.

Njia hii si tiba ya kila uvimbe. Uvimbe usiouma, unaokua taratibu na usiohusiana na kula, unapaswa kuchunguzwa mapema kama ni saratani au la, na zaidi sana iwapo uso umeanza kulegea upande mmoja. Mashavu yaliyojaa pande zote mbili bila maumivu huweza kuwa vifuko vya maji vinavyohusiana na VVU, ambavyo mara nyingi hupungua mgonjwa akianza na kuendelea na dawa za ARV. Penye usaha na homa, maambukizi hutibiwa kwanza ndipo kamera ifikiriwe. Na uvimbe wa chini ya taya unaofanya mtu ashindwe kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri ni dharura ya usiku huohuo.

Ukiambiwa kwamba tezi yako itaondolewa, una haki ya kumuuliza daktari kwa heshima kijiwe kina ukubwa gani, kiko sehemu ipi ya mrija, na kama kinaweza kutolewa kupitia kinywani au kama kuna bingwa wa masikio, pua na koo, au wa upasuaji wa kinywa, uso na taya, anayeweza kukupokea kwa rufaa. Nenda na majibu yako ya ultrasaundi. Wakati unasubiri, kunywa maji ya kutosha, kanda tezi kutoka nyuma kuja mbele baada ya kula, na usijaribu kukichokoa kijiwe kwa sindano au kijiti cha meno, hata kama unakiona kinang'aa chini ya ulimi.